Barua ya wazi: Mkasi unaokata tarehe ya dawa zetu

Kwa Waziri wa Afya, Serikali ya Kaunti ya Mombasa,
na kwa Afisa Mkuu Mtendaji, Bodi ya Dawa na Sumu, Nairobi.

KUH: TAREHE YA MWISHO YA DAWA ZA KUZUIA DAMU ISIGANDE

Waheshimiwa,

Katika maduka mengi ya dawa kuanzia Majengo hadi Mwembe Tayari, ukiomba warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, ya siku tano, muuzaji atavuta stripu, atashika mkasi, atakata vidonge vitano, atavitia kwenye bahasha ndogo, ataandika "1x1 jioni" na kukurudishia chenji yako. Tarehe ya mwisho wa dawa imepigwa chapa kwenye ncha ya stripu. Ncha ile hubaki dukani. Barua hii ni juu ya ncha ile.

Mimi ni mkaazi wa Majengo, mstaafu wa kazi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, na ni mmoja wa wanaomeza dawa hizi kila jioni. Tuko wa kila aina: wenye vali ya chuma moyoni, wenye moyo unaopiga ovyo, waliowahi kuganda damu mguuni au mapafuni, waliopona kiharusi cha kwanza na wanaogopa cha pili. Wengine wanatumia warfarin, wengine rivaroxaban au apixaban, wachache dabigatran, na wengine wanadungwa enoxaparin. Kazini nilizoea kusoma karatasi za mzigo: umetengenezwa lini, unaharibika lini, umelala wapi njiani. Labda ndiyo sababu jambo hili linanikera mimi kuliko wenzangu. Biskuti ya mtoto ina tarehe kwenye kila pakiti, ya shilingi kumi hata. Kidonge kinachomzuilia mtu kiharusi kinatoka dukani uchi.

Jioni barazani swali huwa moja: dawa imepita tarehe mwezi uliopita, nimeze au nisimeze? Majibu huwa mawili, na yote mawili yana hatari yake.

Jibu la kwanza ni kwamba imekuwa sumu, itupwe. Mtu anatupa. Pesa za kununua nyingine hana mpaka mwisho wa mwezi, basi anakaa hivyo hivyo. Rivaroxaban na apixaban hazikawii mwilini. Siku moja au mbili bila kumeza, kinga imeondoka. Warfarin hukawia siku kadhaa zaidi, lakini nayo huisha. Moyo unaopiga ovyo ukiachwa bila kinga, damu inaweza kuganda ndani yake, na bonge likichomoka likapanda kichwani, ndicho kile kiharusi tulichokuwa tunakikimbia. Watengenezaji wenyewe wameandika onyo hilo kwenye karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi: usiache dawa hii ghafla bila kumuona daktari. Karatasi hiyo nayo hubaki dukani pamoja na boksi.

Jibu la pili ni "haina neno, mzee, tarehe ni ya biashara tu." Hili nimelisikia hata kutoka nyuma ya kaunta.

Ukweli una tabu kidogo kuliko majibu hayo. Siku ya mwisho iliyoandikwa si siku ambayo dawa inageuka sumu. Ni siku ambayo mtengenezaji anaacha kutoa dhamana kwamba ndani ya kidonge mna nguvu ile iliyoandikwa nje, na dhamana yenyewe ni kwa sharti kwamba dawa imewekwa alivyoagiza. (Palipoandikwa mwezi na mwaka tu, tuseme 06/2026, dawa ni halali hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Nimeona watu wakitupa dawa nzima tarehe mosi.) Dawa ya mafua ikipungua nguvu kidogo, utapiga chafya siku moja zaidi na maisha yataendelea. Dawa ya damu haina nafasi hiyo ya kuchezea.

Chukueni warfarin, ambayo ndiyo ya wengi wetu kwa kuwa bei yake inavumilika. Kuna kipimo cha damu kiitwacho INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Mtu asiyemeza kitu, INR yake ni kama 1. Wengi wetu tunatakiwa tukae kati ya 2 na 3. Wenye vali ya chuma ya mitrali, mlango wa upande wa kushoto wa moyo, huwekwa juu kidogo, 2.5 hadi 3.5. Chini ya hapo damu inaganda, juu ya hapo inavuja, na kote kuwili husikii chochote mpaka jambo limeshatokea. Hakuna kizunguzungu cha kukuonya kwamba kidonge cha jana kilikuwa pungufu. Rangi ni ileile, uchungu ni uleule. Aspirini angalau ina adabu ya kujitangaza: unyevu ukiiingia huvunjika, na ukifungua chupa unasikia harufu ya siki. Warfarin haikwambii kitu.

Na hatari iliyo kubwa zaidi, ambayo sijawahi kumsikia mtu akiieleza kwa Kiswahili, haiko kwenye kidonge chenyewe kilichochakaa. Iko siku utakapopata kipya. Mgonjwa anameza dawa iliyopoteza nguvu bila kujua. INR inashuka. Daktari naye hajui, anaona namba tu, anampandishia dozi. Inapanda vizuri, wote wanafurahi. Wiki mbili baadaye bahasha ile inaisha, mgonjwa ananunua dawa mpya yenye nguvu zake kamili na anaimeza kwa dozi ile ile iliyopandishwa. Ni kama mpishi aliyezoea kutia vijiko vitatu vya pilipili ya unga iliyokaa hadi ikafa makali, kisha akaletewa pilipili mpya kutoka Marikiti na akatia vitatu vile vile. Tofauti ni kwamba hapa ni damu kwenye mkojo, au ndani ya kichwa. Daktari atauliza: umekula nini, umeongeza mchicha, umepunguza kisamvu, umedungwa diclofenac ya mgongo? Yote ni maswali ya haki, maana mboga za majani zina vitamini K inayopingana na warfarin, na dawa za maumivu za aina hiyo huongeza hatari ya kuvuja damu. Lakini hawezi kuuliza kidonge cha zamani kiliisha muda lini, kwa kuwa hata mwenye kukimeza hajui.

Wanaopenda hadithi wajue kwamba dawa hii asili yake ni nyasi iliyooza. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani ya kaskazini na Kanada walikuwa wakifa kwa kuvuja damu baada ya kulishwa nyasi ya klova iliyovunda, na baadaye Karl Paul Link na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakaitoa kemikali iliyokuwa ndani yake, na kutokana nayo ikaundwa warfarin. Warfarin ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, na ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Ndugu zake bado zinauzwa kuulia panya. Kwa hivyo tunaposema kwamba tofauti ya nguvu ndogo tu ni jambo zito, hatutii chumvi.

Sasa hali ya hewa. Watengenezaji wengi huagiza dawa hizi ziwekwe mahali pasipozidi nyuzi 25 au 30, kutegemea kampuni, mbali na mwangaza na unyevu. Mombasa mwezi wa Februari na Machi mchana hupita 30, na chumba cha mabati cha mitaa yetu ya Bangladesh au Owino Uhuru hupita hapo bila kuuliza. Masika yakiingia, kuta zinatoka jasho. Dawa zilizokusudiwa nchi za baridi kiasi hupimwa uthabiti wake kwa nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60. Zile za nchi za joto na unyevu hupimwa kwa nyuzi 30 na asilimia 75. Maana yake ni kwamba boksi aliloleta binamu kutoka London, tarehe yake imehesabiwa kwa hewa ambayo si yetu.

Nasi watu wa pwani, dawa za kuletewa ni kawaida yetu. Mama mmoja wa mtaa wetu ana kijana Maskati aliyempelekea dabigatran. Chupa ile kifuniko chake kina dawa ya kukausha unyevu, na maelezo yake yanasema vidonge visihamishwe kwenye chombo kingine, kwa sababu unyevu huviharibu. Ikishafunguliwa, kampuni inaipa miezi minne tu, hata kama tarehe iliyopigwa chapa ni ya mwaka kesho. Mama, kwa unadhifu wake, alivimimina vingine kwenye kisanduku cha vyumba saba, cha Jumatatu hadi Jumapili, na vilivyobaki kwenye kopo la plastiki, akaliweka juu ya friji karibu na jiko. Chupa akaitumia kuwekea karafuu. Hakuambiwa na mtu, na maelezo yalikuwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Tarehe yake ilikuwa haijafika, na dawa ilikuwa imekwisha nguvu zamani.

Kuna na hili la rangi. Warfarin hutengenezwa kwa rangi kulingana na nguvu, na watu huambiana "mimi nameza ya buluu." Ya buluu ya Uingereza ni miligramu 3. Ya buluu ya Marekani ni miligramu 4. Ikiwa nje ya pakiti yake, nani atajua ni ipi?

Kila nikisema haya hutokea msomi wa baraza akanijibu kwamba Wamarekani wamepima, dawa haziharibiki. Ni kweli walipima. Tangu 1986 jeshi lao na mamlaka yao ya dawa wamekuwa wakipima akiba ya dawa zilizokaribia mwisho, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006, ya dawa 122, yalionyesha kwamba karibu asilimia 88 ya mafungu, yaani dawa zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, yalifaa kuongezewa angalau mwaka mmoja. Lakini zile zilikuwa kwenye vifungashio vyake vya asili, hazijafunguliwa, ghalani penye joto linalodhibitiwa, na kila fungu lilipimwa maabara kabla ya kuongezewa muda. Mafungu ya dawa ile ile yalitofautiana. Kidonge kilichokatwa kwa mkasi, kikalala juu ya friji ya Majengo kipindi chote cha Kaskazi, hakijapimwa na yeyote. Msomi wetu anasoma nusu ya karatasi.

Kwa mgonjwa mwenzangu anayesoma hapa na amegundua dawa yake imepita: usiitegemee, na usikae bila dawa. Siku hiyo hiyo nenda kwa mfamasia au kliniki yako na vidonge ulivyobakiwa navyo, mwambie umevimeza tangu lini, na kama ni warfarin omba INR kabla hujabadilishiwa dozi na tena siku chache baada ya kuanza ile mpya. Usimeze viwili kufidia.

Rahisi kuandika. Sasa niwarudie nyinyi wakubwa, maana ndiyo sababu ya barua hii: mgonjwa huyo akienda, atakuta nini?

Dirishani pa hospitali moja ya umma, jina lake tuliache, niliuliza iwapo dawa iliyopita muda inaweza kubadilishwa. Nilijibiwa kwamba haipo, ninunue nje. Nje ni kule kwenye mkasi. Watu hawaweki dawa kuukuu kwa ujinga, wanaweka kwa hofu ya kukosa. Mwezi ambao dawa imepatikana, mwenye uwezo ananunua ya miezi sita na kuificha kabatini. Mzee akifariki, vidonge vyake hugawanywa pamoja na kanzu zake, na anayepewa hushukuru. Hofu hiyo ndiyo inayojaza makabati yetu dawa zilizochakaa, na haitatibiwa kwa bango la kutuonya.

Bodi, hili la mkasi ni lenu. Muuzaji hukata kuanzia upande usio na tarehe, ili vilivyobaki kwenye rafu viendelee kuwa na tarehe. Simlaumu sana, mkaguzi akija huangalia rafu, haji jikoni kwangu. Matokeo yake ni kwamba katika wagonjwa wanne wanaogawana stripu moja, ni yule wa mwisho tu anayeondoka na tarehe. Toeni waraka: dawa yoyote ya kuzuia damu isigande ikikatwa, muuzaji aandike kwenye bahasha jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, tarehe ya mwisho na namba ya fungu. Maneno manne na kalamu ile ile aliyoandikia "1x1". Dabigatran ya chupa isihesabiwe kwenye bahasha kabisa. Iuzwe na chupa yake, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu. Halihitaji sheria mpya wala kikao cha hoteli huko Nyali. Wakaguzi wenu waanze kuuliza kuonyeshwa bahasha, kama wanavyouliza leseni ukutani. Na ule mfumo wenu wa kuripoti dawa mbovu mtandaoni, ambao ni jambo jema, huku kwetu haujulikani; elezeni kwa Kiswahili na mbandike kwenye maduka.

Mheshimiwa Waziri wa Kaunti, afya iko mikononi mwenu tangu ugatuzi wa 2013, na yaliyobaki ni yako. La kwanza, na kama huna nafasi ya jingine basi fanya hili, ni kubadilishana: anayekuja na dawa ya damu iliyopita muda apewe nyingine siku hiyo hiyo, angalau ya wiki moja, bila kurudishwa nyuma ya foleni ya kuandikisha upya, na ile ya zamani ibaki hospitalini iteketezwe inavyopasa. Utapata faida mbili kwa gharama ya moja, kwa sababu vidonge hivi vikitupwa jalalani watoto na kuku ndio huvikuta.

La pili ni INR. Kuna mashine ndogo za kutoboa kidole, mfano wa zile za sukari, zinazotoa jibu papo hapo. Kila hospitali ya kaunti ndogo iwe na moja na vijikaratasi vyake vya kupimia visikatike. Mama wa Likoni mwenye vali ya chuma hana haja ya kupanga foleni ya feri na kuvuka hadi kisiwani kwa tone moja la damu. Asipopima, hakuna atakayejua kama dawa yake imechakaa mpaka azimie.

Kuhusu ghala, ombi langu ni dogo: kipimajoto chenye kuonekana, na daftari la joto lililo wazi kwa anayetaka kulitazama, stima ikiwepo na ikikatika. Mzigo wa samaki bandarini ulikuwa na daftari la aina hiyo, na tulilikagua kila zamu.

Shirika la Afya Duniani liliingiza dabigatran na jamaa zake kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Warfarin ilikuwemo tangu zamani. Kwa hivyo hatuombi anasa. Wala sitaki kusikia kwamba SHA, mamlaka ya bima ya afya, ndiyo italipa, halafu SHA iseme dawa iko kwa Kaunti, Kaunti iseme iko KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa. Mgonjwa wa warfarin hana siku tano za kuwasubiri mkitupiana mpira.

Waraka wa bahasha ningeomba utoke kabla Kaskazi haijaanza kuvuma Desemba, kwa sababu Januari hadi Machi ndiyo miezi ambayo vyumba vyetu huchemka. Nakala ibandikwe kwenye mlango wa kila duka la dawa, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee mwenye mtoto wa jicho anaweza kuzisoma.

Wenu katika kungoja jibu,

Mstaafu wa bandari, Majengo, Mombasa